Basi Linaishia Kigoma

Vijana wa Ulaya na Marekani wanaotaka kuiona dunia kwa fedha kidogo hupenda kuanzia Asia ya Kusini-Mashariki. Hutia nguo chache begini, hupanda basi la usiku Hanoi, hushuka Hue asubuhi, hunywa supu ya tambi kando ya barabara, kisha hudaka basi lingine la kwenda kusini hadi Ho Chi Minh. Wengine huvuka kutoka Thailand kuingia Laos, hupanda boti ya mbao Huay Xai na kuteremka na mto Mekong kwa siku mbili, wakilala Pak Beng, mpaka Luang Prabang. Wakirudi kwao husimulia uzuri wa milima na upole wa watu. Wasichokisimulia sana ni kwamba basi lile halikuwekwa kwa ajili yao. Lipo kwa sababu mwenye duka wa Hue ana mzigo wa kufuata, mwanafunzi anarudi chuoni na mgonjwa anakwenda hospitali. Barabara Namba 1 ya Vietnam ilipigwa mabomu kwa miaka mingi. Vita vilikwisha 1975, watu wakaitengeneza upya, na leo inaipita nchi nzima kutoka mpaka wa China hadi Ca Mau, kusini kabisa. Mgeni mwenye begi anafaidi kitu ambacho taifa limejijengea lenyewe.

Nayafikiria hayo kwa sababu nami ni msafiri wa begi mgongoni, ila njia yangu iko huku kwetu: kutoka Dar es Salaam hadi Kiambi, mji mdogo kando ya mto Luvua, katika jimbo la Tanganyika, mashariki ya Kongo. Ni safari ya basi, kisha meli, kisha pikipiki. Nimeifanya kwa vyombo wanavyopanda watu wote, kwa nauli wanayolipa watu wote, na nimelala walikolala abiria wenzangu.

Safari inaanzia Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021 baada ya kituo cha zamani cha Ubungo kuelemewa. Kabla ya alfajiri wapiga debe wameshajaa langoni, kila mmoja ana basi lake analoapa kuwa ndilo litakalotangulia. Siku hizi kuna wanaopanda treni ya umeme hadi Dodoma, iliyoanza safari hizo 2024, wakaunganisha basi kule. Mimi nilitaka basi moja kwa moja. Konda alibandika karatasi ndogo kwenye begi langu, akalisukuma ndani ya buti katikati ya magunia na godoro lililokunjwa, nikaenda kukaa dirishani.

Basi la masafa marefu Tanzania lina taratibu zake ambazo hazikuandikwa popote na kila abiria anazijua. Dereva akisimama porini na konda akatangaza kuchimba dawa, wanaume wanakwenda upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hakuna anayecheleweshana. Mtoto wa jirani akilala anaegemezwa begani kwako bila ruhusa kuombwa. Chakula kinanunuliwa kwa kupeana pesa na bidhaa dirishani, injini ikiwa bado inanguruma: vitunguu na mafuta ya alizeti Singida, mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, mtu anaweza kuikata nchi hii yote bila kulala nyumba ya wageni hata mara moja.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mama mmoja mchuuzi, mwenyeji wa Kigoma. Ndani ya buti alikuwa na viatu vya plastiki na madaftari ya shule, mzigo wa kuvusha ziwa. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza ninakokwenda, alinitazama kwa muda.

“Kiambi? Mwanangu, huko una nani?”

“Sina mtu, mama. Nakwenda kuona.”

“Basi ukifika Kalemie usitoe dola iliyochanika. Hawaipokei.” Akafungua pochi, akanionyesha zake. Zilikuwa zimenyooka, zimewekwa katikati ya kurasa za kitabu kidogo cha sala.

Kutoka Tabora kwenda magharibi tuliingia katika nchi ya miombo, na hapo nilianza kuwaza waliotutangulia. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871, akafika Ujiji Novemba. Hao ndio walioandika vitabu, lakini njia haikuwa yao. Ilikuwa ya wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishuka pwani na pembe na kupanda na nguo, shanga na waya. Mnyamwezi mmoja, Msiri, alivuka hadi Katanga kufuata shaba, akawa mtawala mkubwa wa Bunkeya mpaka alipouawa Desemba 1891. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyatawala mapori ya ng’ambo ya ziwa kwa bunduki, na njia hiyo hiyo ikapitisha maelfu ya watu waliofungwa minyororo. Ndiyo njia iliyokipeleka Kiswahili Manyema na Katanga. Mtu anayeifuata leo akiwa amekaa kwenye siti ya sponji hana haki ya kuyasahau hayo.

Baada ya Urambo na Kaliua, nchi ya tumbaku, tulivuka mto Malagarasi juu ya Daraja la Kikwete, tukaingia Uvinza. Hapa watu walichemsha maji ya chumvi ya chemchemi karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika, na chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya thamani katika nchi zinazolizunguka ziwa. Basi lilisimama kidogo. Mama mchuuzi alinunua mfuko mmoja, akauweka miguuni. “Huu haushuki Kigoma,” aliniambia. “Unavuka.”

Kigoma ndiko reli ya Wajerumani ilikokomea mwaka 1914, na ndiko basi linakoishia leo. Nje ya kituo kuna bajaji, kuna pikipiki, kuna mteremko wa kwenda bandarini, na mbele kuna maji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Wajerumani walileta hapa meli ikiwa vipande ndani ya masanduku, wakaiunga, wakaiita Graf von Götzen, kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaizamisha wenyewe Julai 1916 ili isitekwe. Ilipoibuliwa ikapewa jina la Liemba, na vizazi vya watu wa mwambao huu vimesafiri nayo.

Meli niliyopanda mimi haikuwa na jina kubwa kama hilo. Ilikuwa ya mizigo: saruji chini, unga juu yake, na abiria juu ya unga. Pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano vilikaguliwa ufukweni, tukapanda kwa ubao mmoja, kila mtu akatafuta pa kutandika kanga au mkeka. Toka Kigoma hadi Kalemie ni kama kilomita 130 kwa maji, na meli ya aina ile haina haraka. Jua lilipozama wavuvi wa dagaa walitoka. Taa zao zilizagaa upande wa kaskazini, nyingi mno kuhesabika, na kila taa ina watu wanne watano waliokesha kwa ajili ya kitoweo cha nyumba wasizozijua. Mama mchuuzi alikuwa amelala juu ya madaftari yake. Kando yetu kundi la vijana wa Kikongo walibishana kuhusu mpira mpaka usiku wa manane, na tofauti ya Kiswahili chao na chetu ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya timu zao.

Kalemie unauona kwanza kwa vilima vyake, halafu kwa reli. Reli inashuka mpaka bandarini kabisa. Wabelgiji waliifikisha hapa 1915 kutoka Kabalo, kilomita zaidi ya 270, na kwa miaka mingi mtu aliweza kutoka Dar es Salaam kwa treni, akavuka ziwa kwa meli, akapanda treni nyingine Kalemie hadi mto Lualaba na, tangu 1956, hadi Katanga yote. Mji wenyewe ulianza kama ngome ya kupinga biashara ya watumwa aliyoijenga Kapteni Jacques, Mbelgiji, mwishoni mwa 1891, ukaitwa Albertville kwa jina la Albert, aliyekuja kuwa mfalme wao baadaye. Wenye ngome hiyo ndio waliobaki kuwa mabwana wapya. Majengo ya zamani bado yako kwenye barabara kuu, rangi imechunika, na chini yake kuna wauza vocha na wabadilisha fedha waliokaa kwenye viti vya plastiki.

Mama mchuuzi hakukosea. Kijana aliyenibadilishia fedha aliinua kila noti juani, akaigeuza, akapitisha ukucha pembeni yote kutafuta mchaniko. Moja aliirudisha kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu. Kisha alinihesabia faranga kwa mabunda, kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata, akaniambia nihesabu mwenyewe kabla ya kuondoka.

Palipo na daraja la Lukuga nilisimama kwa muda mrefu. Huu ndio mto pekee unaotoa maji Ziwa Tanganyika. Cameron, msafiri mwingine wa Kiingereza, alipofika 1874 aliukuta umezibwa na majani na mchanga, watu wakawa hawakubaliani kama kweli unatoka au unaingia. Miaka michache baadaye ziwa lilivunja kizuizi na mto ukaenda zake Lualaba. Ziwa linapojaa, kama lilivyojaa miaka hii ya karibuni, wa kwanza kuumia ni watu wa kandokando: nyumba za ufukweni Kalemie zimeingiwa na maji, Uvira hivyo hivyo, Kigoma hivyo hivyo. Kipindupindu ni mgeni wa mara kwa mara hapa. Maji ya kunywa nilinunua ya chupa, au nilichemsha.

Nilikula bukari, ndio ugali wa kwao, na sombe, ndicho kisamvu, na samaki wa mikebuka wa kukaanga kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na soko. Yeye ndiye aliyenieleza namna ya kufika Kiambi. Basi hakuna, alisema. Treni inaelekea Nyunzu, siyo Kiambi, na haina siku yake. Lori unaweza kulingoja mpaka ukaota mizizi. “Papa, utafute kijana mwenye moto nzuri,” alisema, akimaanisha pikipiki. Kisha akamtuma mtoto wake akaniitie mmoja aliyemfahamu.

Kijana yule tulipatana naye bei kwa heshima na kwa muda mrefu: nauli yake, mafuta yake, chakula chake njiani, na nauli ya kurudi hata akikosa abiria. Nililipa alichotaka, kasoro kidogo. Mtu anayehatarisha pikipiki yake, ambayo ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake, kwenye njia ile, hastahili kukabwa bei na mgeni aliyekwenda kutembea. Begi langu alilifunga juu ya tangi, mbele yake, kwa mipira iliyokatwa kutoka matairi ya ndani. Nyuma yangu alifunga kidumu cha petroli.

“Njia iko mubaya,” alisema, “lakini tutafika.”

Kwa ramani Kiambi haiko mbali sana na Kalemie. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 200, na hizo kilomita hazilingani na zile za Singida. Mwanzoni udongo ni mwekundu na mpana. Halafu barabara inakuwa njia mbili za tairi zenye majani katikati, kisha njia moja, kisha mfereji ambao mvua imeuchimba na waendesha pikipiki wamechora ujia wao pembezoni. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Miombo huchipua kabla ya mvua kunyesha, na majani machanga hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, hivi kwamba pori zima linaonekana limewaka wakati ardhi bado ni kavu na majivu ya moto wa nyasi hayajapeperuka. Sijaona msitu mzuri kuliko ule, na sijui kwa nini hakuna anayepanda ndege kuja kuutazama.

Tulikutana na baiskeli. Zilikuwa nyingi kuliko pikipiki, na hakuna aliyezipanda. Zilisukumwa. Kila moja ilikuwa na fimbo ndefu iliyofungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya siti, na juu yake magunia mawili matatu ya muhogo au mkaa, au vidumu vya mafuta ya mawese. Mwanamume mmoja tuliyepumzika naye chini ya mti alikuwa anatembea na mzigo wa muhogo kwenda kuuza, na akifika atanunua sabuni, chumvi na kitenge, atembee tena kurudi. Alikuwa na tairi la akiba begani na pampu. Hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza bei ya muhogo Tanzania, nikamwambia, akawa anapiga hesabu kwa kidole mchangani.

Mchana wa pili tulikuta daraja limevunjika. Lilikuwa daraja la magogo manne juu ya kijito chenye kingo ndefu, na magogo mawili yalikuwa yameoza na kuanguka. Upande wetu palikuwa na pikipiki kadhaa zimesimama. Mojawapo ilikuwa ya muuguzi. Mbele ya siti yake alikuwa amekumbatia kisanduku cha bluu cha kubebea chanjo, na ndani yake mlikuwa na vipande vya barafu vilivyotoka kwenye jokofu la sola. Alikifungua mara moja tu, haraka, akagusa vile vipande kwa kiganja, akakifunga. “Bado,” alisema. Baada ya hapo hakukifungua tena, alikihamisha tu kila kivuli kiliposogea.

Hakuna aliyepiga simu serikalini. Mtandao haukuwepo, na hata ungekuwepo, nani angekuja? Wanaume walitoka kijijini na mashoka, wengine na panga, wakaingia porini. Waendesha pikipiki walivua viatu, wakateremka kijitoni kuondoa magogo yaliyooza. Nami nilivua. Gogo jipya lilipofika lilibebwa na watu wengi, wakiimba mstari mmoja wa Kiluba wa kupeana nguvu, hatua kwa hatua, na mzee mmoja akiwaelekeza kwa fimbo bila kupaza sauti. Gogo la pili lilikuwa zito zaidi, likateleza, likazuiwa kwa kamba za magome ya miti. Ilipokamilika, mzee akaamuru chanjo ivuke kwanza. Muuguzi alivuka kwa miguu, kisanduku kichwani, na kijana mmoja akamvushia pikipiki. Abiria tuliobaki tulichanga faranga tukawapa waliofanya kazi, na zilipokelewa kwa mikono miwili. Kodi ya barabara niliilipa pale, na ndiyo kodi pekee ambayo nimewahi kuiona kwa macho yangu ikigeuka daraja.

Usiku ule tulilala kijijini hapo. Chifu wa kijiji aliandika jina langu kwenye daftari, kama ilivyo desturi kwa kila mgeni, akanipa nyumba ya mwanawe. Mazungumzo ya jioni yalihusu vita, kwa sababu huku kila mwaka huhesabiwa kwa kukimbia na kurudi. Watu wazima walikumbuka uasi wa 1964, waasi wa Simba walipouchukua Albertville. Walikumbuka vita vya 1998 hadi 2003, waasi wa RCD na askari wa Rwanda walipokuwa Manono, na mapigano ya Pweto ya Desemba 2000. Walikumbuka miaka ambayo eneo la Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti. Vijana walikumbuka ya karibuni: Waluba na Watwa, majirani wa tangu na tangu, walivyouana kuanzia 2013, na mapigano yalivyowaka upya 2016, moja ya cheche zake ikiwa kodi iliyodaiwa kwa viwavi ambao Watwa huwaokota msituni. Mamia ya maelfu walihama nyumba zao. Wengi waliishi kwenye kambi nje ya Kalemie, chini ya vibanda vya nyasi.

Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao. Aliporudi alikuta mwembe na msingi wa nyumba. Alisema jambo ambalo nimelichukulia kwa uzito: wakati wa shida wabaya walifika mapema, kwa miguu, lakini msaada ulingoja barabara.

Kiambi tuliufikia siku iliyofuata. Mto ulijitokeza ghafla, mpana, rangi ya chai, ukipita kimya kwenye kingo za majani marefu. Luvua hutoka Ziwa Mweru pale Pweto, hushuka kwa maporomoko mengi, na ukifika Kiambi hutulia. Kutoka hapa hadi Ankoro, ambako hukutana na Lualaba, ni kama kilomita 160 ambazo vyombo visivyozama sana majini vinaweza kupita. Ndiyo maana mji upo hapa: ni mahali ambapo mto unaanza kubeba mtu. Na maji yenyewe yametoka mbali. Yameanza kama mto Chambeshi katika nyanda za juu za kaskazini mwa Zambia, siyo mbali na mpaka wetu wa Tanzania, yakapita Bangweulu, Luapula na Mweru. Wataalamu wengi wanaihesabu njia hiyo kuwa chanzo cha mbali kabisa cha mto Kongo. Nilinawa uso kwa maji ambayo yangefika Atlantiki baada ya kuipita Kisangani na Kinshasa.

Asubuhi ufukwe unajaa mitumbwi. Ni ya gogo moja, imechongwa kwa shoka, mingine imezibwa nyufa kwa bati na misumari. Samaki wabichi hushuka, samaki wa moshi hupanda, mbuzi hushikwa miguu na kulazwa chini ya ubao. Mvuvi mmoja alikubali kunipeleka chini kidogo ya mto kwa malipo ya sabuni na faranga kiasi. Alisimama nyuma na kasia lake refu, nami nikakaa katikati, begi mapajani, na kwa muda ule nilikuwa kwenye Mekong yangu. Tofauti na ile ya Laos ni kwamba hapa hakuna tiketi, hakuna ratiba, na mgonjwa anayeteremshwa hospitali hupita kwenye mtumbwi huo huo, amelazwa kwenye mkeka.

Sokoni nilimkuta mama anayeuza chumvi. Gunia lake lilikuwa na maandishi ya Kiswahili cha Tanzania, na aliniambia limevuka ziwa kutoka Kigoma. Aliipima kwa kopo dogo, lile la nyanya ya kopo, akaisawazisha juu kwa kidole, akaimimina kwenye kipande cha plastiki na kukifunga fundo. Niliuliza bei. Kwa pesa ile, Uvinza ningenunua mfuko kama ule wa mama mchuuzi. Mama huyu hakuwa mlanguzi. Alinihesabia kila mkono uliopita: meli, wabeba mizigo, vizuizi, pikipiki, baiskeli, gogo lililooza. Kila hatua isiyo na barabara imemlipisha mtu wa Kiambi, na wa mwisho kulipa ni mama mwenye watoto anayenunua chumvi kwa kopo la nyanya.

Mashariki mwa Kongo watu wamezoea kuambiwa kuwa nchi yao ni tajiri. Jirani na Kiambi, Manono, kulichimbwa bati kwa miongo mingi, na mto huu huu ulizibwa Piana-Mwanga kutoa umeme wa migodi hiyo. Mitambo ilinyamaza wakati wa vita. Sasa Manono unatajwa tena kwa sababu ya lithiamu, mojawapo ya akiba kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani, madini ya betri za magari ya umeme. Kila anayeyataka madini hayo anajua kuwa lazima kwanza apate njia ya kuyatoa, na zaidi ya mpango mmoja unaitazama Kalemie na ziwa. Nilimuuliza kijana wangu wa pikipiki anaonaje. Alisema yuko tayari kuuza pikipiki siku basi la kwanza litakapoingia Kiambi, akatafute kazi ya ukonda.

Hilo ndilo ninalotaka lisikike Kinshasa, Kalemie na Arusha. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kama barabara ya Kiambi itajengwa, na itajengwa kwa sababu madini yanaidai, basi ijengwe na vituo vya abiria, madaraja ya zege na ruhusa ya mabasi kupita. Reli ya Kalemie ipewe siku maalumu za safari. Meli ya abiria ya Kigoma na Kalemie iwe na ratiba ambayo mama mchuuzi anaweza kuitegemea. Haya siyo anasa ya watalii. Vietnam ilianza na watu wake, wenye mabegi wakafuata baadaye.

Nawe msomaji unayetaka kuiona njia hii, nenda kati ya Juni na Septemba kabla mvua hazijaikata. Chukua chanjo, dawa ya malaria na dola safi. Uliza hali ya usalama Kalemie kwa watu waliotoka huko wiki hiyo, na wakikuambia usiende, usiende. Ukienda, mlipe mwenye pikipiki haki yake, jiandikishe kwa chifu, na ukikuta daraja limevunjika, vua viatu.